Wimbo wa Kumi na Moja

Mbele ya gereji moja ya Wadi Kabir, Maskati, baada ya Alasiri, jua limeshachoka lakini joto halina habari. Benchi lenyewe ni kiti cha nyuma cha gari lililokwisha kufa, na wenye nacho ni watatu na chupa yao ya kahawa. Khalil, mstaafu wa wizara, anaitwa Mudiri kwa sababu hakuwahi kuwa mudiri, mkubwa wa ofisi. Enos, fundi kutoka Kakamega, ni Spana. Na Badr ni Digrii: digrii ya uhandisi, miaka minne nyumbani bila kazi, ulimi wembe. Leo tangu afike hajamtukana mtu, wenzake wakaingiwa na khofu.

— Una nini, mwanangu? Mudiri akauliza.

— Wamenijibu.

— Alhamdulillahi! Kazi?

— Kazi gani, ammi? Iron Lanterns.

Iron Lanterns ni bendi ya roki ya Waingereza ambayo Badr aliirithi kwa marehemu baba yake, kama wengine wanavyorithi shamba. Albamu zote tisa anazijua mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Wiki iliyopita redio ya gari iliitafuna kanda ya albamu ya tatu, ikabaki tambi tupu, na humo ndimo ulimokuwa wimbo wa kumi na moja, ule baba aliokuwa akiufungulia sauti kila asubuhi akimpeleka skuli Ghubra. Badr akautafuta mtandaoni: albamu ile ina nyimbo kumi, basi. Akawaandikia wenyewe kuuliza wimbo wake uko wapi. Miaka minne anatuma application, mtu wa kwanza kumjibu ni mpiga gitaa, na yeye kasema hapana.

— "Huo si wetu," Badr akasoma kwenye simu. "Kanda za huko zilikuwa za kunakili. Mnakili akiona utepe umebaki, hujazia chochote." Khalas. Best wishes.

— Waongo! Mudiri akaruka. Wameukana. Mficha uchi hazai.

— Methali hiyo inaingiaje hapa, ammi?

— Itaingia tu, subiri. Nnakwambia waligombana. Mpiga ngoma kamuoa mchumba wa mwimbaji, wimbo ukatolewa talaka.

— Zii, wacha hizo, mzee, Spana akasema. Si ulitupigia hapa, Digrii? Ile "ooo" ya mwisho Mzungu hawezi. Hiyo koo ni ya Mluhya, buda. Alienda majuu kusoma, akaimba, wakamfuta jina.

— Mluhya! Mudiri akacheka. Yule ni kijana wa Malindi, Unguja. Kakimbilia London sitini na nne. Ukoo wake nnaujua.

— Ukoo unaujua, jina la wimbo hulijui? Spana akauliza.

— Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

— Ya Rabbi, Badr akaguna.

Akamimina kahawa, asiinywe.

— Miaka ishirini nnampigia makofi mtu mwengine. Baba kafa anaamini ni Lanterns. Ungekuwa wao, ningeupata popote. Sasa hauna jina, hauna mwenyewe, na kanda ndiyo ile. Nikauulizie wapi? Kwa nani?

Hapo akafika mwanamke mwenye sare ya usafi wa kliniki, anangojea minibasi. Spana akamsogezea nafasi.

— Huyu ni Pauline, dada wa kwetu. Ana wiki mbili tu Maskati.

Pauline akapewa kikombe, akahadithiwa yote: bendi, kanda, marehemu, Mluhya, kijana wa Malindi. Akasikiliza mpaka mwisho.

— Samahani, akasema. Na huyo aliyeimba, anajua?

— Anajua nini?

— Kwamba kuna watu huku walimpenda hivyo.

Mudiri akamwongezea kahawa, bila methali. Spana akajifuta mikono ambayo haikuwa na grisi. Badr akainamia kikombe, akaanza kuuimba ule wimbo puani, polepole. Penye ubeti wa pili akakosea. Akarudi nyuma, akaanza tena.

Minibasi ikapiga honi. Pauline akaipungia mkono ipite.