Kutu Kwenye Msalaba wa Sixten

Basi la Avesta, mji wa viwanda vya chuma kule Uswidi, lilijaa watu waliotoka zamu, wengine wamelala midomo wazi. Bibi Majken aliacha kufuma soksi ili asikie vizuri maneno ya kiti cha mbele, ambako mjane mmoja alikuwa akimlalamikia mzee asiyemjua, fundi mstaafu wa kuchomelea.

“Marehemu Sixten wangu aliyeyusha chuma cha pua miaka arobaini. Kile hasa cha mabomba ya maji ya bahari, na matangi ya dawa kali ya kufanya karatasi iwe nyeupe. Wenzake wakamtengenezea msalaba wa chuma hichohicho. Leo una madoa ya kutu! Watu wanapita makaburini wanacheka kazi yake.”

“Chuma kile hakishiki kutu, mama. Unausugua na nini?”

“Na brashi yake ya waya. Kila Jumapili, mpaka bega linauma.”

Mzee alishusha pumzi. “Basi ndiyo hiyo. Brashi ni chuma cha kawaida, inaacha vumbi lake pale, na vumbi ndilo linaloshika kutu. Msalaba wenyewe ni mzima. Kutu ni yako, mama.”

“Yangu!”

“Ya brashi, basi. Mwite fundi aupake asidi mara moja, ausuuze, kisha uiachie mvua iuoshe. Hautataka mkono wa mtu tena.”

Majken alidhani mjane angefurahi. Hakufurahi.

“Hautataka mkono wa mtu,” alisema polepole. “Sasa mimi Jumapili nikafanye nini kule?”

Basi likasimama, mlango ukafunguka, na mjane akashuka bila kungoja jibu.