Lowell Stanek, Aliyeomba Kulala Kinyume na Jirani Yake

Ndugu, jamaa na marafiki mliopanda kilima hiki katika theluji ya leo, familia ya Stanek inawashukuru kwa kufika, na inawaomba mtege sikio wakati maisha ya mpendwa wetu Lowell Andrew Stanek yanaposomwa kama alivyoyaishi, pamoja na wivu wake, kwa kuwa mwenyewe aliagiza usifichwe, akisema, "Mkisoma kwamba nilikuwa mpole, Orrin atacheka mazishini."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 mjini Johnstown, Pennsylvania, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Andrew Stanek, mfanyakazi wa tanuri la chuma, na mama Helen, na dada yake Rosemary, aliyeketi hapa mbele, anasimulia kwamba tangu utotoni hakuweza kuona kipande cha keki cha mwenzake bila kukipima kwa macho.

Alisoma shule ya parokia, akamaliza sekondari Juni 1966, akapata shahada ya fizikia mwaka 1970 na ya uzamivu mwaka 1976 katika chuo kikuu cha jimbo, ambako alipangiwa chumba kimoja cha kazi na kijana wa kemia kutoka Ohio, Orrin Bechtold, chumba chenye dirisha moja tu, na Lowell alipofika na masanduku yake alimkuta Orrin amekwisha kukaa dirishani.

Tarehe 14 Juni 1975 alifunga ndoa na Dolores Hudak, mpishi wa shule, msimamizi wake akiwa Orrin, ambaye alicheza dansi vizuri kuliko bwana harusi, jambo ambalo bwana harusi hakulisahau, na Mungu akawajalia watoto wawili, Theresa mwaka 1979 na Gregory mwaka 1982, na wajukuu wanne. Mwaka 1983, parokia ilipofungua sehemu mpya ya makaburi hapa kilimani, familia ya Stanek na ya Bechtold zilichukua viwanja vinavyopakana, kwa furaha ya ujana.

Kuanzia mwaka 1978 hadi alipostaafu mwaka 2014, Lowell alifundisha katika chuo kilekile, na kazi yake ilikuwa kukokotoa jinsi elektroni zinavyojipanga ndani ya vishada vya atomu za metali, atomu chache zilizoshikana kama zabibu, kila kishada kikiwa sumaku ndogo, ili ajue vishada hivyo vikipangwa pamoja kuwa kitu kigumu, sumaku zake zitaelekea upande mmoja au zitapingana. Orrin, ghorofa ya chini, ndiye aliyevipika vishada hivyo katika chupa na kuotesha fuwele nyeusi zinazong'aa, na wageni walifika kwanza kwa Orrin, wakazishika fuwele na kuziinua kwenye mwanga, kisha wakapanda kwa Lowell wamechoka, wakatazama tarakimu zake, wakauliza choo kiko wapi. Hilo lilimchoma.

Mwaka 1996 Lowell alitangaza kwamba vishada fulani vya kobalti vikipangwa pamoja vyote vitaelekea upande mmoja na kutoa sumaku yenye nguvu, na Orrin akavitengeneza majira ya baridi yaliyofuata, akavipima, akakuta kila kishada kinampinga jirani yake na nguvu yote inajifuta. Katika kahawa ya Ijumaa, mbele ya idara nzima, Lowell alisema, "Bwana Orrin, sufuria zako chafu," naye Orrin akajibu, "Zangu nimeziosha mara tatu, Lowell, wewe umeosha nini?" Watu wakacheka, na tangu siku hiyo wawili hao hawakusemezana, na Orrin alipoalikwa Japani kuonyesha fuwele zake, Lowell alimwambia mkewe anataka kurudisha kiwanja cha kilimani, hawezi kulala karibu na mtu yule milele. "Rudisha chako," alisema mama Dolores, "mimi nitalala palepale na akina Bechtold."

Oktoba 1999, akiwa darasani, Lowell alikuwa akifundisha jambo alilolifundisha kila mwaka, kwamba kompyuta haianzi na akili tupu, lazima ukisie kwanza kila sumaku inaelekea wapi, nayo itateremka hadi bonde la nishati lililo karibu na kisio lako na kutulia humo, kwa hiyo mtu mwangalifu huanza mara moja na sumaku zilizoelekea pamoja, mara nyingine na zinazopingana, ndipo alinganishe bonde lipi liko chini zaidi, kwa kuwa maumbile hutulia katika lile la chini kabisa. Chaki ikasimama ubaoni. Kwa kobalti ile alikuwa ameanza na zilizoelekea pamoja tu, kwa sababu ndivyo alivyotaka.

Alirudia hesabu kwa zinazopingana, na bonde lake likawa chini zaidi, kwa hiyo Orrin alikuwa sahihi na chupa zake zilikuwa safi, na hakuna mwingine aliyejua. Jioni hiyo alibaki ndani ya gari mbele ya nyumba hadi mkewe akatoka kumfuata.

"Nikimwambia, atakuwa amenishinda mpaka siku ya kufa," alisema.

"Na usipomwambia, atakuwa hajakushinda?"

Ijumaa, katika kahawa ya idara, alisimama na kikombe mkononi, akasema, "Chupa zake zilikuwa safi, mimi nilianzia pale nilipotaka kufika." Orrin akainama mbele, "Rudia, sikio langu la kushoto bovu," na Lowell akajibu, "Yote mawili mabovu," kisha akarudia. Waliandika matokeo pamoja, jina la Orrin likitangulia, na mwaka 2003 Orrin alipotunukiwa nishani peke yake, Lowell alipiga makofi mpaka viganja vikamuuma, akarudi nyumbani akashindwa kula pirogi za viazi alizopika mkewe. Wivu haukumtoka, ila hakuupa tena kazi ya kukisia.

Mei 2019 aligundulika kuwa na maradhi ya moyo, na Januari mwaka huu alilazwa, Orrin akimtembelea kila alasiri kwa mkongojo, wakibishana hadi muuguzi awatenganishe. Katika makaburi haya vichwa vyote hulazwa magharibi, lakini Lowell aliomba chake kilazwe mashariki, na Padri Verba akamuuliza, "Lowell, ni wivu tena?"

"Tukilala sawa, Padri, watasema nimemwiga," alisema, akapumzika kidogo. "Halafu majirani wale wanaopingana ndio walioshikana zaidi. Nimekokotoa."

Alifariki Jumanne tarehe 6 Februari 2024, saa tano asubuhi, mkono wake ukiwa katika mikono ya mama Dolores.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliozoa theluji mlangoni na kuleta vyakula, walimu wenzake na wanafunzi wake, pamoja na Padri Verba aliyekubali ombi lake. Mzee Orrin, nafasi yako iko kushoto kwake, tafadhali usiiharakishe, maana leo kwa mara ya kwanza amekutangulia, mwache afurahi kidogo.

Lowell, pumzika kwa amani.