Filemoni Mtewele, Aliyekwenda Joni Kutafuta Kukaa

Mchungaji, wazee wa kanisa, jumbe wetu, wakwe zetu mliotembea kutoka Ilembula, majirani, na ninyi nyote mliopigwa na baridi ya asubuhi hii kwa ajili yetu, kamwene. Mimi ni Nahumu Mtewele, mdogo wake marehemu wa kufuatana, na wazee wa ukoo wamenituma niwasomee maisha yake kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia barua na kuzisoma za kwake kwa miaka kumi na moja, kwa hiyo wamesema nayajua, na ni kweli nayajua. Anayetaka kusikia sifa tupu, kule jikoni kuna uji wa moto, aende akanywe taratibu, atatukuta tumemaliza.

Marehemu Filemoni Mtewele alizaliwa hapa hapa Idofi mwaka 1914, mwezi hatuujui, ila mama yetu alikuwa akisema ni wakati wa kuvuna ulezi na vita vya Wazungu vilikuwa havijafika huku, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mika Mtewele na mama Emilia, ambao wote wametangulia. Alibatizwa mwaka 1923 siku moja na mimi, akaingia shule ya misheni ya Kidugala mwaka 1925 na kutoka mwaka 1929, akiwa amejua kusoma kwa kubabaisha, na kuandika akaniachia mimi.

Tarehe 2 Mei 1932 aliajiriwa kutunza bustani ya bwana mmoja wa serikali pale Boma la Njombe, akafanya kazi hiyo miaka kumi na miwili bila kukosa siku, na akiwa katika kazi hiyo, tarehe 15 Oktoba 1938, alifunga ndoa takatifu na Idda, binti wa mzee Abrahamu Ngole wa Ilembula, huyu mnayemwona amekaa mkekani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ema aliyezaliwa mwaka 1940, Mika aliyezaliwa mwaka 1943 na kurithi jina la babu yake, na wa tatu nitamfikia, naomba msinisukume.

Mwaka 1944 yule bwana wa Boma aliwaaga watumishi wake kwamba anastaafu na kurudi kwao, naye alikuwa hajafika hata miaka hamsini, meno yote yapo, mgongo umenyooka, anapanda ngazi mbilimbili. Kaka yangu alimwuliza nani basi atamlimia huko kwao, bwana akacheka akamwambia hakuna wa kulima, atakaa tu barazani aangalie maua mpaka Mungu atakapomwita. Jamani, sisi Wabena tulikuwa hatujawahi kusikia jambo la namna hiyo, kwetu mtu anaacha jembe siku jembe linapomkataa, baba yetu alianguka na mbegu mkononi, babu vilevile, na hakuna aliyewaonea huruma kwa sababu ndivyo watu wanavyokwenda. Lakini Filemoni alirudi nyumbani kutoka Njombe na neno hilo limemkaa kichwani, akawa anatuambia kila jioni kwamba akifika miaka arobaini naye atakaa, na sisi tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Vitu vya yule bwana vilipopigwa mnada, wenzake walinunua masufuria na mablanketi, yeye alinunua kiti, kiti kikubwa cha mbao ya mninga, chenye mikono mipana ya kuwekea kikombe, akakibeba kichwani kutoka Njombe mpaka hapa siku tatu. Alikiweka ukutani, akamwita mke wake na watoto na mimi, akatuambia hicho ni kiti cha kukalia siku kazi yake itakapokwisha, na kabla ya siku hiyo hakikaliwi na mtu, hata yeye mwenyewe hatakikalia. Kweli hakukikalia, hilo nimpe.

Tarehe 21 Mei 1945 aliondoka Makambako na lori la waandikishaji kwenda Johanesbagi, kule mnakokuita Joni, kuchimba dhahabu chini ya ardhi. Hakuondoka kwa njaa, nataka mlijue hilo ninyi mnaosema watu wetu wanakimbia njaa, ghala lilikuwa limejaa na Boma lilikuwa limemtaka abaki, aliondoka kwa sababu alitaka maisha mazuri zaidi ya haya na alitaka ayapate mapema, arudi ajenge nyumba ya tofali za kuchoma na bati, kisha akae. Chakula cha kukaa kwake kingetoka bondeni, kwenye kinyungu, shamba la matuta la kiangazi, alichoachiwa na baba, na wote mnajua desturi yetu, kinyungu ni cha anayekilima, ukikiacha viangazi viwili matuta yakaota nyasi jumbe anampa mwingine na huna pa kulalamikia. Kwa hiyo alimwachia Idda jembe, akamwambia asije akaruka kiangazi hata kimoja. Mpango wote wa kupumzika kwake ulikuwa umelala juu ya mgongo wa mwanamke huyu, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona jambo hilo kuwa na kasoro, mimi nikiwa wa kwanza.

Idda alilima. Kila mwezi wa sita umande ukiwa bado barafu kwenye majani alikuwa ameshashuka bondeni, anafyeka, anafukia nyasi, anainua matuta, anapanda mahindi na maharage ya kiangazi, miguu ndani ya tope mpaka magotini, na mvua zikianza anahamia shamba la juu. Marehemu alirudi likizo moja tu, kuanzia Oktoba 1949 mpaka Januari 1950, akafyatua na kuchoma tofali, akajenga nyumba hii hapa mnayoegemea ukuta wake, akakipangusa kiti vumbi, akaondoka tena.

Sasa mtoto wa tatu. Mwezi Julai mwaka 1950 Idda alikuwa na mimba ya miezi saba, miguu imevimba kama viazi vya Kitulo, na siku moja alipopanda kutoka bondeni niliingia kumsalimu shemeji nikamkuta amekaa kwenye kile kiti, jembe liko miguuni, macho ameyafumba. Aliponiona alishtuka akasimama, akaniomba nisiseme, nami nikamwambia sitasema, na wiki ileile nikaandika barua ya kwenda Joni, nikaandika habari za mvua, habari za ng'ombe, na mwishoni, kwa mkono huu, nikaandika kwamba mke wako amekikalia kiti. Msiniulize kwa nini, nimejiuliza miaka saba na jibu ninalolipata kila mara ni kwamba nilitaka kaka ajue kuwa mimi ni mtu wa kuaminika.

Mtoto alizaliwa tarehe 11 Septemba 1950, akabatizwa haraka akaitwa Yosefu, akafariki tarehe 13, tukamzika siku hiyohiyo. Sisemi alikufa kwa sababu ya kiti, mimi si mganga. Ila siku ya nne baada ya mazishi, Jumapili, watu wamejaa uwanjani kama hivi mlivyojaa leo, ikafika barua ya marehemu, na kwa kuwa waombolezaji walidhani ni rambirambi wakaniomba niisome kwa sauti, nami nikaifungua nikaisoma kwa sauti. Alikuwa ameiandikisha kwa mwenzake wa mgodini kabla hajajua habari za mtoto. Ilisema kile kiti ni cha siku yangu si cha siku yenu, na kama mwanamke huyo hana adabu ya kungoja, basi Nahumu akifunge kamba akining'inize juu darini ili macho yake yakione na makalio yake yasikifikie. Nilipoona maneno yanakokwenda ningeweza kunyamaza, kikohozi hata cha uongo kingetosha, lakini nilisoma mpaka salamu za mwisho, na kuna watu walicheka, wengine wako hapa na ninawaona. Jioni ile nilikining'iniza kiti, na Idda ndiye aliyenishikia ngazi.

Tangu siku ile shemeji yangu hakukaa tena juu ya kitu chochote nyumbani mwake, si kigoda, si kitanda cha mchana, alikaa chini, akala chini, akamenya viazi chini, na kiti kilikuwa juu ya kichwa chake miaka sita.

Marehemu alirudi tarehe 20 Julai 1956 akiwa na miaka arobaini na miwili, na masanduku mawili, na koti refu, na cheti cha kuachishwa kazi. Lori lilimshusha Makambako, na kutoka pale mpaka hapa, njia ambayo Ema huimaliza na ndoo kichwani, alipumzika mara kumi na moja, Mika alihesabu. Alisema ni uchovu wa safari. Nilikifungua kiti, tukakipangusa, tukakiweka barazani, akakaa, na wiki nzima watu walitoka mpaka Njombe kuja kumwona Mbena wa miaka arobaini aliyemaliza kazi za dunia, wengine wakamwita bwana mkubwa, wengine wakarudi nyumbani wakagombana na wake zao kwa wivu.

Wiki ya tatu alishindwa kulala. Akijilaza tu kifua kilikuwa kinajifunga, anaruka juu akitafuta hewa kama mtu anayezama, na kwa hiyo tukamrudisha kwenye kiti, na hakutoka tena. Tulimpeleka hospitali ya Ilembula kwa machela mwezi Agosti na tena mwezi Novemba, na mganga alitueleza bila kutuzungusha kwamba mapafu yamejaa vumbi la mawe, na mawe hayana dawa. Ndugu zangu, huyu mtu alikwenda mbali kutafuta kukaa, akapewa kukaa. Alikula amekaa, alisali amekaa, alilala amekaa, miezi kumi mfululizo, mpaka nyama za makalio zikaoza kwa vidonda, na Idda alilala sakafuni mbele yake akiwa ameinua mkono mmoja kushika goti lake asije akaanguka kifudifudi, na kukicha anashuka bondeni, maana kinyungu kilikuwa hakijui kwamba bwana amestaafu.

Mwezi Mei mwaka huu alimwomba Mika amteremshe bondeni mgongoni, akaomba jembe, akapewa, akalishika, halikunyanyuka, akalia mbele ya mtoto wake. Siku ileile aliporudi kutoka bondeni alishika ukuta akasimama mwenyewe, jambo ambalo lilikuwa limemshinda wiki nyingi, akakisogeza kiti kwa mguu, akamwambia Idda, mama Ema, kaa. Mimi nilikuwepo. Idda alikuwa anapepeta maharage, wala hakuinua uso, akamjibu kwamba ahsante, amezoea chini, na kaka yangu alikivuta kiti kwa mguu uleule, akarudi akakaa.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni 1957, saa tatu asubuhi, akiwa kwenye kiti hicho, kengele ya kanisa ikilia. Kwa kuwa alikuwa ameshakauka katika kukaa, ilitubidi wanaume wanne kumnyoosha magoti ili fundi Filbert apate kufunga jeneza, na wale wanne wanajua sauti tuliyoisikia, sitaieleza mbele ya watoto.

Kwa niaba ya familia nawashukuru waganga na wauguzi wa Ilembula kwa kutuambia ukweli na kumwosha vidonda kwa mikono ya upole, nawashukuru majirani mliobeba machela, nawashukuru wenzake wa Boma waliotuma sanda, na kampuni ya migodi sina la kuishukuru. Mchungaji, utanisamehe.

Limebaki jambo la kiti. Desturi yetu ni kwamba kiti cha marehemu hurithiwa, na wazee walikaa jana wakamtaja Mika, na vijana wawili, ambao nimeambiwa wameshajiandikisha Makambako na lori lao ni Alhamisi, walinivuta pembeni msibani hapa hapa kuniuliza kama kinauzwa. Nawajibu hadharani. Jana Idda alinijia, mara ya kwanza tangu mwaka 1950 kuniomba kitu, akaniomba shoka, nami sikumwuliza la nini. Mninga mkavu unawaka vizuri sana, hautoi moshi. Ugali na maharage mtakayokula tukitoka makaburini ni ya kinyungu chake, na yamepikwa kwa kiti hicho, mikono na miguu na mgongo, kwa hiyo kuleni mshibe, na ninyi vijana wawili nimewaambia wapishi wawapakulie kwanza.

Shemeji Idda, barua za kaka nilizisoma zote kwa sauti, na hii ya leo ndiyo ya mwisho. Nisamehe mbele ya watu walewale.

Kaka Filemoni, siku yako imefika, leo umelala chali. Lala, kaka, hakuna atakayekuinua tena. Upumzike kwa amani.