Mwalimu Muindi Aliyejifunza Kupiga Ngoma Taratibu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Muziki katika chuo chetu cha ualimu hapa Machakos, Mwalimu Titus Muindi anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Julai 2006. Majirani wa chuo wamearifiwa. Tunasikia baadhi yao wanapanga kulala mchana.

Alifika mwaka wa 1977, kijana mwembamba kutoka Mwala, akiwa na ngoma mbili, suti moja na sauti inayofika sokoni bila kipaza sauti. Suti ameshaibadilisha. Chini ya uongozi wake kwaya ilishinda mashindano mengi hata kabati la vikombe likahamishwa kutoka ofisi ya mkuu wa chuo, kwa sababu mkuu alikosa pa kuweka kiti.

Wimbo uliotuletea vikombe vingi zaidi aliurithi kwa mama yake, Bi. Syombua, aliyemwimbia utotoni. Muindi aliupanga kwa sauti nne, ngoma sita, filimbi na vishindo vya miguu. Wanafunzi waliubatiza "Gwaride", ingawa si mbele yake.

Mwishoni mwa 1999 akaja Bi. Celina, mwanamuziki kutoka Brazili. Mume wake alikuwa injinia aliyewasaidia wakulima wa Mwala kujenga mabwawa ya mchanga, na yeye alikuja na gita la nyuzi za nailoni na Kiswahili alichojifunza Dodoma, fasaha kuliko cha wengi wetu. Muziki wake ulikuwa bossa nova, unaoimbwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekusimulia jambo huku amekaa karibu nawe. Mkuu wetu wa wakati huo, Bi. Waithira, aliwaomba wawili hao waandae kitu cha pamoja kwa jubilii ya chuo, Julai 2000. Bi. Waithira alikuwa mwanamke jasiri.

Chumba cha muziki kinapakana na ofisi ya walimu, kwa hiyo mazoezi yote tuliyasikia.

"Mama, umechelewa," Muindi alikuwa akisema.

"Sijachelewa, Mwalimu. Naufuata mpigo nyuma kidogo, bila haraka."

"Jubilii ina haraka."

Ilipofika zamu ya Celina kucheza mpigo wa Kikamba kwa miguu, alijikanyaga mara nyingi, naye Muindi alikuwa na wiki njema sana. Lakini Celina hakuacha kujaribu, na taratibu gita na ngoma zikaanza kuzoeana.

Kisha akaomba kuimba "Gwaride" kwa gita. Muindi alikataa katakata. "Ukiupunguza hivyo, watu watadhani kwaya imefiwa!" alisema, akabeba ngoma zake na kutangaza kwamba amejitoa. Kwa siku kadhaa alikunywa chai peke yake karibu na dirisha. Mialiko ilikuwa imeshatumwa, na Bi. Waithira alikuwa ameacha kula.

Ili kumaliza ubishi, Muindi alileta shahidi wake mwenyewe. Alimtoa Bi. Syombua kutoka Mwala, akamkalisha kwenye kiti cha heshima na kikombe cha chai mkononi, na kwaya ikaimba kwa nguvu zake zote.

"Mmeimba kwa bidii," alisema Bi. Syombua kwa upole.

Ndipo Celina akaimba. Kikamba chake kilikuwa kinayumba, lakini gita lilitembea polepole chini ya maneno. Bi. Syombua aliweka kikombe chini. Wimbo ulipoisha alikuwa anajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Titus," alisema, "huu wimbo nilikuwa nakulazia. Baba yako alikuwa mgonjwa chumba cha pili, nami sikutaka aamke. Kumbe wewe umekuwa ukiamshia watu Ukambani kote?"

Walimu tuliokuwa mlangoni tulicheka, kisha tukaona uso wa mwenzetu tukaacha.

"Mwaitu," alimwambia mama yake, "mbona hukuniambia miaka hii yote?"

"Ulikuwa unaniletea vikombe nyumbani, mwanangu. Ulikuwa na furaha."

Muindi alivuta kiti karibu na mama yake, akamwomba amwimbie tena. Alimsikiliza hadi mwisho, akarudisha ngoma moja tu chumbani, akaanza kuigusa kwa ncha za vidole.

Mwaka ule wa ukame umeme ulikuwa wa mgao, na siku ya jubilii ulikatika mara tu Celina alipopanda jukwaani. Vipaza sauti vikafa, ukumbi ukaanza kupiga makelele. Celina alimtazama mwenzake. Ngoma sita zilikuwa pale pembeni, na kila mtu alijua Muindi angeweza kuokoa hali kwa dakika moja. Badala yake aliketi ukingoni mwa jukwaa, akaanza kuigusa ngoma moja kwa vidole. Walio mbele wakawanyamazisha walio nyuma. Gita likaingia, Celina akaimba, na Muindi akamwitikia kwa sauti ambayo hatukujua anayo. Sisi wa nyuma hatukupata kila neno, ila tuliwasikia wenzetu wa mbele wakipenga kamasi.

Celina aliondoka Desemba hiyo. Muindi aliendelea kualika wanamuziki wengine, mpiga nyatiti kutoka Siaya, mpiga kodiani kutoka Murang'a, na wote aliwaamuru wasikilizane kabla ya kupiga. Aliwaamuru kwa kupaza sauti, bila shaka. Bi. Syombua alipotuaga mwaka wa 2003, mwanawe aliimba kaburini peke yake, bila ngoma, na hakuna aliyemwomba aongeze sauti.

Septemba hii Celina na wenzake wamemwalika Brazili kwa mwezi mzima. Mtu ambaye hajawahi kuvuka Mombasa sasa ana pasipoti, na kila asubuhi anamsalimia bawabu kwa Kireno. Bawabu anamjibu kwa Kikamba, na wote wawili wanaonekana kuridhika.

Mwalimu, asante kwa nyimbo, kwa ukali na kwa kukubali kubadilika mbele yetu sote. Wewe na mkeo, Mama Nthenya, tunawatakia afya, mvua ya kutosha Mwala na safari salama. Huko ng'ambo wakikuambia umewahi mno, uwasubiri kidogo.

Winrose Mwelu, Idara ya Kiswahili