Mgawaji Aliyewalisha Mbwa Maini

Sogeeni karibu, ndugu na majirani, mliosimama uani ingieni mkae hata mkekani, mwenye simu aizime, mwenye neno alimeze kidogo, maana leo mwenyewe hawezi kujisemea, tunamsemea sisi.

Marehemu, mliyemjua kwa jina la Mgawaji, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968, katika chumba cha nyuma cha nyumba za reli, mtoto wa nne wa fundi viatu na muuza mkaa. Alisoma shule ya msingi hadi darasa la saba, hesabu zikampiga chenga, lakini mkate mmoja aliweza kuwakatia ndugu zake wote na asinune mtu.

Mwaka 1987 aliajiriwa machinjioni, akaanza kwa kuosha sakafu, akaja kuchuna ngozi, mpaka akakabidhiwa kisu cha kupasulia matumbo. Hapo ndipo jina lilipomganda, kwani mkaguzi wa nyama alipokuta ini au pafu lina mifuko ya maji na kuamuru lifukiwe, yeye aliona ni dhambi kufukia chakula, akalikatakata na kuwarushia mbwa getini, kila mmoja na fungu lake, nasi tukamsifu kwamba mkono wake haumbagui hata asiyejua kuomba.

Mwaka 1993 alipeleka aproni iliyochanika kwa binti mmoja fundi cherehani, wiki iliyofuata akapeleka nyingine, na nyingine tena, hata mama wa fundi akasema kijana huyu ama hajui kuchinja, ama ana lake moyoni. Walioana Desemba ya mwaka huo huo, wakajaliwa mabinti wawili, waliokua wakimlalia kama mto mbwa wao mwekundu, mmoja wa wale wa getini aliyemfuata baba yao nyumbani.

Mwaka juzi ubavu wa kulia ulianza kumvuta, shati likakataa vifungo, wenzake wakamtania kwamba sasa anakula na mshahara wa bosi. Wapo walionong'ona kuwa amelogwa. Picha ya hospitali ilionyesha mfuko wa maji ndani ya ini lake, mkubwa kama nazi, na daktari akamweleza taratibu kwamba maini yale yalibeba watoto wa tegu, mbwa akiyala tegu hukomaa tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi na kunasa kwenye manyoya, kisha mkono uliompapasa mbwa humega chakula bila kunawa.

Hakuuliza habari zake, aliuliza za wanawe. Wakapimwa, mkubwa akakutwa salama, mdogo akakutwa na kijifuko kwenye pafu. Tangu siku ile alikonda kwa mawazo kuliko kwa ugonjwa. Majirani walipokuja na marungu kumuua mbwa, alisimama mlangoni, mkono ubavuni, akasema, "Mbwa hakujichinjia. Niliyemlisha ni mimi." Akampeleka kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya minyoo, halafu, alipopangiwa upasuaji, akaomba uahirishwe kwanza, akarudi machinjioni na sepetu kuchimba shimo refu la maini mabovu, ingawa alikatazwa kazi nzito. Mkewe alimsihi, hakusikia.

Shimo lilipata mfuniko wa zege. Mfuko wa ini ukapasuka kabla ya upasuaji, akafariki tarehe 14 Juni mwaka huu, asubuhi, mikononi mwa mkewe. Alituagiza tusiufunike ugonjwa wake, kwani mficha maradhi kifo humuumbua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wanaoendelea kumtibu binti yetu, na kijifuko chake kinanywea, tunawashukuru majirani, hata wale wa marungu, na wenzake wa machinjioni waliombeba. Nawe Mgawaji, umechoka, pumzika kwa amani.

Mgao wake ni huu, nyumba na redio ni za mkewe, baiskeli ni ya binti mkubwa, kiwanja ni cha mdogo kwa ajili ya matibabu na masomo, na visu vimekwenda kwa mdogo wa marehemu, aliyeshika nafasi yake machinjioni, ambaye jana alifukia ini lake la kwanza, mbwa wakimtazama.