Piano ya Makofi

Mshonaji aliyeketi nyuma ya wanawake wawili basini aliacha hata kusinzia.

"Mjukuu wangu kapelekwa kujifunza piano, mwalimu anamfundisha kupiga makofi!" mmoja wao, bibi, alimfokea mwenzake wa pembeni, kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Kumbe mwanamke huyo naye alikuwa mwalimu wa piano.

"Bibi, mtoto asiyeshika mapigo atasomaje noti? Vidole vitamtawanyika kama kuku."

"Mbona basi kila akirudi analia?"

"Akipiga hayo makofi nyumbani, ninyi mnafanyaje?"

"Tunacheka! Si kichekesho?"

"Basi mnamliza wenyewe!"

Basi liliposimama, bibi alinyakua kikapu chake, akageukia mlangoni akiwa amefura.

"Piano nimeiona kwa macho yangu, mwanangu. Haina mahali pa makofi!"