Nyuzi Thelathini na Sita: Maisha ya Telesphor Gabrieli Salvatori (1983–2025)

Baba Paroko, viongozi, majirani wa Shanwe, na ndugu zetu mliotoka Usevya, poleni kwa safari na asanteni kwa kuja. Mimi ni Romana, mdogo wake marehemu. Familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu, na wamenisihi nisiongeze maneno yangu. Nitajitahidi.

Marehemu Telesphor alizaliwa tarehe 14 Machi 1983 katika kijiji cha Usevya, Mpimbwe. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa Mzee Gabrieli Salvatori, aliyetutangulia, na Mama Tereza, ambaye yupo hapa mbele yenu. Alikulia kwenye majaruba ya mpunga kama sisi wote, ila kwa kilimo alikuwa mvivu, na hilo hata mama halikatai. Ukimwambia usiguse sufuria, ina moto, yeye alitaka kujua ina moto kiasi gani. Akagusa. Kovu la kidole alikuwa nalo hadi juzi.

Alipata elimu ya msingi hapo hapo Usevya kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, na ya sekondari mjini Mpanda hadi 2001. Baadaye alikwenda Dar es Salaam kusomea ufundi sanifu wa maabara, akapata stashahada yake mwaka 2006. Wenzake wengi walibaki kule kule. Yeye alirudi na begi moja la nguo na kipimajoto alichokifunga ndani ya soksi. Baba alikuwa ametegemea redio, na kwa siku kadhaa hakuficha masikitiko yake.

Tarehe 22 Agosti 2009 alifunga ndoa takatifu na Upendo, binti kutoka Magamba. Ndoa hiyo ilikaribia kuvunjika kabla haijafungwa. Alipokwenda ukweni kujitambulisha, badala ya kukaa barazani na kuinamisha macho kama mkwe, aliingia jikoni kwa mama mkwe na kutumbukiza kipimajoto kwenye maji ya maharage. "Mama," akasema, "maji ya huku yanachemka nyuzi tisini na sita tu, hayafiki mia. Tuko juu sana kutoka baharini. Ndiyo maana maharage yenu yanachelewa." Mama mkwe akaweka mwiko chini. "Nyie mmeniletea mkwe au mkaguzi?" Wazee wakamtoza faini ya kuku, kuku akaliwa, na yeye alikula kuliko wote. Mungu aliwajalia watoto wawili, Mercy na Amosi.

Kwa upande wa kazi, alitunza maabara ya sekondari hapa mjini tangu 2007 hadi 2018. Mwaka 2019 aliajiriwa katika karakana inayokarabati mashine za kukoboa mpunga na pampu za migodini, akiwa fundi wa maabara na msimamizi wa usalama. Mwezi wa sita mwaka huu karakana ilipokea mapipa ya kemikali mpya ya kuoshea grisi, na yeye akapewa kazi ya kuifanyia tathmini kabla haijaanza kutumika. Alimimina kidogo kwenye chupa ya kioo, akaipasha taratibu kwa maji ya uvuguvugu, milango yote ikiwa wazi. Lebo ilisema inachemka nyuzi arobaini. Kwa hapa Mpanda alipata thelathini na sita. Akarudia kesho yake, akapata hiyo hiyo. Jioni ile hakula. Alimshika Mercy mkono akasema, "Joto la mkono huu linatosha kuichemsha."

Stoo yenyewe ni ya mabati matupu, na nyie mnaijua Mpanda ya mwezi wa kumi. Marehemu aliandika kwamba mapipa yahamishiwe kwenye jengo la matofali lenye matundu ya hewa chini na juu, kwa sababu mvuke wake ni mzito, hutambaa chini, na mtu akiuvuta hulewa, halafu hulala. Hakuna aliyempinga. Nalisema hili kwa sababu kuna watu msibani wanatafuta mbaya. Meneja wake, Ndugu Josephat, alikubali siku ile ile. Matofali yalichomwa, ukuta ukapanda hadi linta, juu ya milango. Kisha msimu wa kubeba mpunga ukachukua magari, mbao za paa zikachelewa, fundi akafiwa huko Sitalike. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Kaka akawa anafunika mapipa kwa magunia mabichi kila asubuhi na kuacha milango ya stoo wazi, akisubiri paa kama wengine wanavyosubiri mvua.

Jumamosi tarehe 11 Oktoba kaka alikuwa kwenye sala ya jumuiya. Mlinzi wa karakana, Mwandu, akaona mapipa yamevimba. Mwandu amelelewa nyumba ya wanzuki, na kila aliyeonja pombe ya asali anajua kwamba chombo kikivimba hulegezwa kizibo kipumue, la sivyo kinapasuka. Akafunga milango ili wezi wa vyuma wasimvizie akiwa ameinama, akaanza kulegeza vizibo kimoja kimoja. Alitaka kuokoa mali ya watu. Alipofika katikati, usingizi ukamchukua.

Muuza duka wa jirani alimwita Mwandu asiitike, akampigia kaka simu. Kaka alikimbia akaacha Biblia kwenye kiti. Alibana pumzi, akaingia, akamburuta Mwandu hadi mlangoni ambako watu walimpokea. Mwandu ni mtu mzito, na pumzi haibanwi milele. Kaka akayumba kurudi nyuma, akaangukia ndani, mbali na mlango. Waliokuwa nje walitaka kuingia wakashindwa, kwa sababu kaka alishawakataza tangu mwezi wa sita kuingia mle mvuke ukijaa, na walimsikiliza. Hadi walipobomoa bati la ukuta na kumvuta miguu, muda ulikuwa umepita.

Alilazwa hapa Mpanda, kisha akahamishiwa Mbeya. Upendo alimwuliza daktari dawa yake ni ipi, tuitafute hata kama iko mbali. Daktari akasema, "Mama, tunampa oksijeni. Kingine ni kusubiri." Tukasubiri. Tulimsugua miguu, tulisali rozari, tulimwita kwa jina lake la utotoni. Hakufungua macho. Alifariki Ijumaa tarehe 17 Oktoba 2025, saa nne asubuhi. Watu wanatufariji kwamba amekufa shujaa. Asanteni, lakini sisi tungempenda vile vile akiwa mwoga.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, wadogo zake watatu, na Mwandu. Mwandu nimemwandika kwa amri ya mama. Alipotoka hospitali alikuja kupiga magoti, akasema, "Mama, ni mimi niliyelegeza." Mama akamwinua. "Mwanangu, hata mimi ningelegeza." Amekaa pale kwenye mkeka wa wanafamilia, na naomba asisumbuliwe.

Mwenyezi Mungu ampokee mja wake Telesphor na kumpa pumziko la amani.

Kuna tangazo moja ambalo halimo kwenye ratiba. Mapipa bado yako stoo, mengine yakiwa wazi, na jua ndilo hili mnaloliona. Juzi Ndugu Josephat alikuja nyumbani, akavua kofia, akatuuliza kama marehemu aliwahi kusema yatolewe namna gani. Hakuwahi kutuambia, na tumempekua hadi mifuko ya koti. Ndugu waombolezaji, kama yupo yeyote kati yenu anayejua, tunamwomba tukishafukia kaburi asiondoke.